Gari Lisilosamehe Amri Mbovu

Mwaka 1979 kampuni ya Milton Bradley ya Marekani ilitoa Big Trak, gari la kuchezea lenye magurudumu sita na vitufe mgongoni. Mtoto hulipa amri zisizozidi 16, kama vile nenda, pinda na ngoja, nalo huzitimiza kwa mpangilio ule ule. Sifa yake kuu twaiona hapa: darasani mtoto hupokea amri, kwa gari hili huzitoa, na akikosea, ukuta humsahihisha bila kiboko. Ila yake ni kwamba hakuliunda yeye. Mtoto wa Mutanga Sud aliyejiundia gari la waya hukijua kila kiungo chake, lakini hulisukuma tu, haliamuru. Basi, walimu wenzetu, tumpe lugha: mwanafunzi mmoja awe gari, mwenziwe amwandikie amri 16 kwa Kiswahili fasaha.