Mchanganyiko au Kiambaza?

Neno "mchanganyiko", wanalolitumia baadhi ya waandishi wa kemia kutaja kitu kilichofanyizwa kwa nyuzi na polima, halitoshi. Chumvi na mchanga ni mchanganyiko. Lakini katika boti ya nyuzi za kioo kila kimoja kina kazi yake: nyuzi hustahimili kuvutwa, polima huzishika na kuzigawia mzigo. Maarifa hayo si mageni Mohoro, deltani Rufiji, ambako nyumba za miti na fito hukandikwa udongo. Udongo peke yake hupasuka, fito peke yake hazizuii upepo. Vikishikana ni kiambaza. Itasemwa kwamba kiambaza ni ukuta tu. Hoja hiyo ni dhaifu: kiini kilikuwa cha yai kabla hakijawa cha atomu.