"Tabianchi": Nani Mtenda?

Istilahi "tabianchi" imekwisha kukubalika, nasi hatukusudii kuipinga. Ila twaona ina jambo linalowapasa wafasiri kulitazama. "Tabia" katika Kiswahili ni neno la mwenendo, na mwenendo huharibiwa na mtu. Mkulima wa mpunga wa Mkula, katika bonde la Kilombero, akiambiwa kuwa mafuriko yatokana na kubadilika kwa tabia ya nchi, atauliza: nani aliyeikosea? Ndivyo hadithi zilivyomzoeza. Mtenda hutajwa kabla ya janga.

Neno "mabadiliko" halina mtenda. Basi pengo hujazwa na aliye karibu, yaani mtafuta kuni. Hilo si dogo chini ya milima ya Udzungwa, ambako ruhusa ya kuokota kuni kavu ndani ya Hifadhi ya Taifa ilikomeshwa mwaka 2011. Mama yule hakuyachoma makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Ulaya.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 wenyewe wakiri kuwa wajibu ni wa wote lakini haulingani, na kwamba nchi zilizoendelea zitangulie. Kipeperushi kinachoyaacha hayo na kubakiza "tupande miti" si tafsiri. Ni hadithi iliyobadilishiwa mtenda. (Miti ipandwe, hatukatai.) Mfasiri aandike kwanza kwamba joto la dunia limeongezwa na gesi za makaa ya mawe na mafuta, hasa za nchi za viwanda, ndipo aitaje tabianchi.