Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Waitaliano na Wamakedonia katika Australia

Kuna maneno ambayo watu huyasema chakula kikisha, wakati hakuna anayedaiwa ushahidi. "Kabila hili linajua feza. Kabila lile ni watu wa jasho tu, hawaendi mbele." Maneno hayo husemwa katika kila mji ambapo watu wa asili mbalimbali wamekusanyika kwa sababu ya kazi. Sisi wenyewe tumeyasikia katika miji yetu ya machimbo. Na huko mbali katika Australia wapo wanaosema hivi: Waitaliano walifika mikono mitupu, na leo wana mashamba ya mizabibu, maduka na kompani za ujenzi. Wamakedonia nao walifika mikono mitupu, wakabaki viwandani. Basi, Mwitaliano ana akili ya biashara, Mmakedonia hana.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Leo tutayapima. Tutasoma kwanza kitabu kimoja juu ya Mwitaliano, na mchezo mmoja juu ya Mmakedonia. Halafu tutaviweka vyote viwili mbele ya historia, tuone kipi kinasema kweli zaidi.

KITABU KILICHOCHEKESHA

Mwaka 1957 kilitoka katika mji wa Sydney kitabu kiitwacho They're a Weird Mob, yaani kama kusema: watu hawa ni wa ajabu. Juu ya jalada liliandikwa jina la Nino Culotta, na wasomaji wengi wakasadiki kwamba mtungaji ni Mwitaliano kweli. Sivyo. Alikuwa John O'Grady, mwuza dawa, mzaliwa wa Australia. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi sana, na mwaka 1966 kikafanywa filamu.

Hadithi yake ni nyepesi. Nino ni mwandishi wa gazeti kutoka kaskazini ya Italia. Mkubwa wake anamtuma Australia kuchunguza desturi za watu. Huko anashika kazi ya kuchimba misingi pamoja na wajenzi wa nyumba. Kazi ni ngumu, lakini wenzake ni watu wema. Anajifunza maneno yao, anaoa msichana wa huko, anapata kiwanja, anajenga nyumba yake. Mwishoni anawashauri wageni wenzake: jifunzeni lugha ya inchi, acheni kujitenga.

Kitabu kinachekesha, wala hatukatai uzuri wake. Kiliwafundisha wenyeji wengi kumtazama mgeni kama mtu. Lakini kama ushuhuda juu ya mfuko wa mhamiaji, kina kasoro tatu. Ya kwanza: Nino si mkulima maskini wa Calabria, ni msomi aliyekuja na kazi yake. Ya pili: hatuoni deni linalomsukuma kutoka kwao, wala watoto wanaongoja barua yenye feza. Ya tatu ndiyo kubwa: kazi inapatikana upesi, na mtungaji haulizi sababu. Anaichukua kazi kama mtu anavyochukua hewa. Kwa hiyo msomaji anafunga kitabu akifikiri: mwenye moyo mwema na mikono ya kazi atafanikiwa. Na yule asiyefanikiwa? Kitabu kinanyamaza. Kunyamaza huko ni kumhukumu maskini bila kumsikiliza.

MCHEZO WA MACHOZI

Mchezo wetu ni wa zamani zaidi. Unaitwa Pečalbari, mtungaji wake ni Anton Panov, mzaliwa wa Strumica. Ulionyeshwa mara ya kwanza katika mji wa Skopje mwaka 1936. Siku zile sehemu hiyo ya Makedonia ilikuwa chini ya ufalme wa Yugoslavia, na serikali haikuitambua lugha ya Kimakedonia. Fikiri basi furaha ya watu waliposikia maneno ya nyumbani kwao yakisemwa jukwaani.

Pečalba ni desturi ya wanaume wa Makedonia ya kuacha vijiji vyao vya milimani na kwenda mbali kutafuta feza, wakikusudia kurudi na akiba. Wanaokwenda ndio pečalbari. Katika mchezo huu kijana Kostadin anampenda Simka. Baba wa msichana anadai mali nyingi kabla ya kumtoa. Kostadin anaingia katika deni, anaoa, halafu inambidi aende mbali kufanya kazi ili alipe. Harudi hai.

Msomaji wetu hahitaji mwalimu wa kumweleza habari hiyo. Tunawajua vijana waliokwenda mbali kutafuta mahari, na mama waliongoja barua bure. Mchezo una kasoro zake pia. Machozi ni mengi, na baba wa msichana amepakwa rangi nyeusi mno, kana kwamba choyo ya mtu mmoja ndiyo iliyoleta umaskini wa kijiji kizima. Lakini Panov anauliza swali ambalo O'Grady hakuliuliza: mtu huyu alitoka nyumbani na mzigo gani? Hilo ndilo swali la kwanza la haki. La pili ni hili: alifika mwaka gani, na alikuta mlango gani umefunguliwa?

WAITALIANO: WALIOTANGULIA

Tuanze na Waitaliano. Mwaka 1891 zaidi ya 300 kati yao walipelekwa Queensland kukata miwa. Wengine wakafuata, wakakata miwa, wakaweka akiba, wakanunua mashamba madogo. Hawakupendwa. Mnamo Januari 1934, katika miji ya dhahabu ya Kalgoorlie na Boulder, wenyeji walichoma nyumba na maduka ya Waitaliano na ya watu wa Yugoslavia pamoja. Wakati wa vita kuu ya pili Waitaliano karibu 5,000 wa huko walifungwa kambini, kwa kuwa Italia ilikuwa adui. Basi asiseme mtu kwamba njia yao ilikuwa laini.

Lakini vita ilipokwisha, mlango ulifunguka wazi. Mwaka 1951 serikali ya Australia na serikali ya Italia zilifanya mapatano ya kusaidia wahamiaji. Kweli, mwaka 1952 kazi zilipungua kwa muda, na Waitaliano waliokwama bila kazi katika kambi ya Bonegilla walifanya fujo. Lakini shida ile ilipita. Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Australia ilikuwa ikijenga nyumba, barabara, mabwawa ya umeme. Mwaka 1947 wazaliwa wa Italia katika Australia walikuwa kama 33,000. Mwaka 1971 walikuwa kama 290,000.

Mkulima wa Calabria au wa Veneto aliyefika mwaka 1953 alikuta mjomba mwenye duka la matunda, au jirani wa kijijini mwenye kazi ya zege. Huyo alimpa kitanda, alimfundisha njia, alimkopesha. Alipata karibu miaka 20 ya kazi bila kukatizwa sana. Katika mtaa wa Carlton, mji wa Melbourne, Waitaliano walinunua nyumba kuukuu ambazo wenyeji hawakuzitaka. Baadaye mtaa huo ukawa wa thamani kubwa. Je, ile ni akili? Ndiyo, ni akili, tena ni bidii. Lakini ni wakati pia.

Walikuwa na msaada wa roho vilevile. Mapadri wa shirika lililoanzishwa na Askofu Scalabrini mwaka 1887 kwa ajili ya wahamiaji walifika Australia mwaka 1952. Papa Fransisko alimtangaza mwanzilishi huyo kuwa mtakatifu mwaka 2022.

Tena tuangalie vizuri wale wanaotajwa kama mfano. Kompani ya Transfield, iliyojenga kazi kubwa nyingi, ilianzishwa mwaka 1956 na Waitaliano wawili, Franco Belgiorno-Nettis na Carlo Salteri. Watu husema, "Tazama Waitaliano!" Lakini hao wawili walikuwa mainjinia, waliokuja kwa kazi ya nyaya za umeme. Kuwalinganisha na mkulima wa kijiji cha Bitola si kulinganisha Waitaliano na Wamakedonia. Ni kulinganisha diploma na jembe.

WAMAKEDONIA: WALIOCHELEWA MLANGONI

Wamakedonia wa kwanza walifika wachache wachache. Miaka ya 1920 wanaume walikwenda Australia ya magharibi kukata misitu, halafu kulima mboga na tumbako. Walikuwa pečalbari kweli: moyo wao ulibaki kijijini, na feza ilipelekwa huko. Mtu anayekusudia kurudi hanunui duka katika mji wa ugeni.

Halafu vita ya ndani ya Ugiriki, kutoka 1946 mpaka 1949, iliwafungia wengi njia ya kurudi. Wengi wa Makedonia ya upande wa Ugiriki walipoteza nyumba na mashamba ya baba zao. Kwa hao pečalba iligeuka kuwa uhamisho wa milele.

Kundi kubwa zaidi lilitoka upande wa Yugoslavia katika miaka ya 1960 na 1970. Mapatano ya Australia na Yugoslavia yalifanywa mwaka 1970, yaani miaka 19 baada ya yale ya Italia. Tafadhali msomaji, iweke akilini hesabu hiyo, maana mambo mengi yanatoka humo.

Walikwenda wapi? Walikwenda mahali kapita alipokuwa akiandika watu: kiwanda cha chuma cha Port Kembla, karibu na mji wa Wollongong, na viwanda vya Melbourne. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa nyumbani. Wengi walilipia nyumba upesi, maana Mmakedonia, sawa na Mwitaliano, hapendi kulala chini ya paa la mtu mwingine. Nao walijisaidia wenyewe: kanisa lao la Kiortodosi la Mtakatifu Georgi katika mtaa wa Fitzroy, Melbourne, lilijengwa kwa michango ya wafanya kazi.

Lakini mwaka 1973 bei ya petroli ilipanda duniani pote. Mwaka huo huo Australia ilipunguza ushuru wa vitu vya inchi za nje kwa robo, na viwanda vyake vikaanza kuumia. Mwaka 1982 chuma kilikosa wanunuzi, na maelfu ya watu wa Port Kembla walipoteza kazi. Mtu aliyefika mwaka 1972 alikuwa amefanya kazi miaka 10 tu. Hakuwa na mjomba mwenye duka. Mjomba wake alikuwa kwenye tanuru lile lile, akafukuzwa siku ile ile.

WANAWAKE WA PORT KEMBLA

Yuko anayesema kwamba Wamakedonia hawakutaka kujitahidi? Basi asikilize habari ya wake zao. Katika Wollongong kulikuwa na kazi chache sana kwa wanawake. Waliomba kazi katika kiwanda cha chuma. Wanaume waliandikwa upesi. Wanawake waliachwa kwenye orodha miaka na miaka. Mwaka 1980 walianza kudai haki, na wengi kati yao walikuwa wahamiaji, Wamakedonia wakiwemo. Kiwanda kikawaandika. Lakini shida ya 1982 ilipokuja, walifukuzwa kwa kanuni hii: wa mwisho kuingia ni wa kwanza kutoka. Nao walijibu: tumekuwa wa mwisho kwa sababu ninyi mlitufungia mlango. Wanawake 34 walipeleka shauri mbele ya sheria. Mwaka 1985 walishinda, na mwaka 1989 mahakama kuu ya Australia ikakubali hoja yao. Filamu Women of Steel ya mwaka 2020, iliyotengenezwa na Robynne Murphy, mmoja wao, inasimulia habari hiyo.

Jibu la wanawake hao linafaa kwa makala yetu nzima. Aliyechelewa mlangoni asihukumiwe kama mvivu, ikiwa mlango ulifungwa na mwingine.

HESABU NAZO ZINAPOTEZA

Wengine watasema: tuletee hesabu tu. Vema, lakini hesabu za zamani ni za kutazama kwa hadhari. Mmakedonia wa Ugiriki aliandikwa kwa kawaida kuwa Mgiriki, na yule wa Bitola aliandikwa kuwa mtu wa Yugoslavia. Tena makundi si sawa kwa wingi. Katika hesabu ya mwaka 2021, watu zaidi ya milioni 1 wa Australia walijitaja kuwa wa asili ya Italia. Waliojitaja Wamakedonia walikuwa kama 111,000. Kundi la milioni lina wanunuzi wake, lina matajiri wake wa kuonyesha, tena lina maskini wengi ambao hakuna anayewaonyesha.

HUKUMU YETU

Basi, kati ya kitabu na mchezo, tunasema hivi. Kitabu cha O'Grady kinaonyesha furaha ya kweli, lakini ni furaha ya miaka michache ya neema, naye ameifanya kuwa sheria ya watu wote. Mchezo wa Panov unalia kupita kiasi, lakini unajua kwamba safari ya mhamiaji inaanza nyumbani, katika deni. Anayetaka kulinganisha Waitaliano na Wamakedonia asianze na tabia za damu. Aulize mwaka wa kufika, mapatano ya serikali, ndugu waliotangulia, na kazi iliyokuwapo. Akimaliza maswali hayo, ataona kwamba tofauti iliyobaki kwa "akili ya kabila" ni ndogo sana.

Maneno ya "kabila hili, kabila lile" si mchezo wa mazungumzo. Watu wa Kalgoorlie waliyasema kwanza mezani, halafu wakachukua viberiti. Wazee wetu walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Nasi tuongeze: wala usimcheke mwenzio kwa sababu alisafiri usiku usio na nyota.