Kuchonga na Kuchongea

Kila kazi ya mkono ina utaratibu wake, na mwenye kuuvunja huvuna hasara. Fundi wa Tabaka, katika nchi ya Wagusii, hulitwaa jiwe la sabuni lililotoka machimboni, akalilowesha maji, akalipa umbo kwa panga, akatoa masikio na miguu ya kiboko kwa kisu, na mwisho akalisugua kwa msasa. Hapana fundi aanzaye na msasa. Lugha nayo ni kazi ya namna hiyo. Katika insha hii nataka kueleza utaratibu mmoja wa Kiingereza uwasumbuao wanafunzi wetu, yaani jinsi vielezi na mafungu ya maneno yenye kihusishi yanavyokifuata kitenzi. Kisha nataka kuihakiki kanuni tuliyozoea kuifundisha juu ya jambo hilo.

Nianze na hasara yenyewe. Mwanafunzi mmoja alimwandikia baba yake, ambaye ni mchongaji, barua ya Kiingereza kwa mnunuzi mwenye duka Nairobi. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "We shall send the bowls you paid for on Friday." Baba alikusudia yale mabakuli yaliyolipiwa Ijumaa iliyopita, ambayo yangepelekwa mara yakiisha kupigwa msasa. Mnunuzi alifahamu kwamba mabakuli yote yatapelekwa Ijumaa ijayo. Siku hiyo akaenda kituo cha basi, akangoja hata jioni, akarudi mikono mitupu na hasira tele. Hapana neno moja katika sentensi ile lililokosewa tahajia, wala hapana kitenzi kilichokosewa wakati. Kosa lilikuwa mahali pa maneno mawili tu. Fungu "on Friday" lilikaa mwisho, likawa na vitenzi viwili mbele yake, cha kupeleka na cha kulipa, na msomaji akaachwa achague mwenyewe. Lau mwandishi angalisema "the bowls you paid for last Friday will be sent when they are polished", baba asingalipoteza imani ya mnunuzi wake.

Sasa tuitazame kanuni. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tuliikariri kama wimbo: baada ya kitenzi huja namna, kisha mahali, kisha wakati. Nilipoanza kufundisha, nami niliwakaririsha wengine. Kanuni hii si uongo. Mtu akisema "He worked hard in the quarry yesterday", amesema Kiingereza safi: bidii imetangulia, machimbo yakafuata, na jana ikafunga mlango. Lakini kanuni isiyoeleza sababu yake ni fimbo ya kipofu. Humwongoza mtu penye njia nyofu, na penye njia panda humwacha asimame.

Njia panda ya kwanza ni hii. Kitenzi kikiwa na yambwa, kielezi cha Kiingereza hakipendi kuingia kati yao. Sisi kwa Kiswahili twaweza kusema "anasema Kiingereza vizuri" au "anasema vizuri Kiingereza", na hapana mtu wa kutushtaki. Mwanafunzi aliyezoea uhuru huu huandika "She speaks well English", akashangaa kuona alama nyekundu. Sharti aseme "She speaks English well". Kanuni yetu haikumwambia neno juu ya yambwa, na kwa hiyo ilimwangusha.

Njia panda ya pili ni vitenzi vya kwenda. Kwa kanuni yetu, namna ya safari ingalitangulia mahali. Walakini Mwingereza husema "He went to Kisii by bus on Monday". Mahali pametangulia, na basi likafuata. Kwa nini? Kwa sababu kitenzi cha kwenda kina njaa ya mahali kuliko njaa ya kitu kingine chochote. Ukimwambia mtu kwamba fulani amekwenda, swali la kwanza litakuwa: wapi? Habari ya basi ni ya baadaye.

Njia panda ya tatu ni yale maneno madogo yanayokamatana na kitenzi. Huweza kusemwa "He cut down the tree" na pia "He cut the tree down". Lakini mti ukibadilishwa kuwa kiwakilishi, njia hubaki moja: "He cut it down". Kwa upande mwingine, mtu husema "He looked at the stone" na "He looked at it", wala hawezi kulirusha lile neno dogo likakae mwisho. Maneno haya mawili kwa sura ni ndugu, bali kwa kazi ni mbalimbali. La kwanza ni sehemu ya kitenzi, hukikamilisha kama mpini ukamilishavyo jembe. La pili ni kihusishi kinachoongoza jina lililo mbele yake, wala hakiwezi kuliacha. Kanuni ya namna, mahali na wakati haina habari na tofauti hii.

Basi ni nini kinachotawala? Hukumu yangu ni kwamba chini ya kanuni hizi zote mna jambo moja: maneno hukaa karibu na kitenzi kwa kadiri kitenzi kinavyoyahitaji. Yambwa huhitajiwa kwanza, hukaa kwanza. Mahali huhitajiwa na kwenda, hukaa karibu na kwenda. Wakati, ambao aghalabu ni nyongeza tu, husukumwa mwisho, au hutolewa nje kabisa ukatangulia sentensi nzima. Ukaribu wa maneno ni ukaribu wa maana. Mwanafunzi ajuaye hili hana haja ya kuimba wimbo wetu wa chuoni.

Nasi tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Kiswahili kimelifuata hata kikapita Kiingereza. Mwingereza husema "He carved a bowl for his neighbour", na lile neno la kumfikiria jirani limekaa mbali, nyuma ya bakuli. Mswahili husema "Alimchongea jirani yake bakuli". Kihusishi hakionekani, kwa kuwa kimeingia tumboni mwa kitenzi: chonga imekuwa chongea. Baadhi ya Waingereza walioandika sarufi ya Kiswahili katika karne ya 20 waliiita kauli hii ya kutendea kwa jina la kihusishi, maana walikitafuta kihusishi chao nje ya kitenzi, wakakikuta ndani. Nawe msomaji uliyelelewa kwa Ekegusii, au kwa lugha nyingine ya Kibantu, kijaribu kitenzi cha nyumbani kwenu, utaona.

Hata hivyo maneno yafuatayo kitenzi hayakosi nguvu katika Kiswahili. Sikiliza: "Alimchongea jirani yake bakuli." Hiyo ni hisani. Sikiliza tena: "Alimchongea jirani yake kwa chifu." Hiyo ni fitina! Kitenzi ni kile kile, jirani ni yule yule; kilichobadilika ni maneno mawili ya mwisho. Katika mji wa wachongaji, mtu na aangalie sana anachokiweka baada ya kitenzi hiki.

Ajuaye lugha moja tu ndani ya nyingine huziharibu zote mbili. Kwa kuwa twazungumza juu ya bei, wanafunzi wetu huandika "We discussed about the price", ilhali kitenzi kile cha Kiingereza kimekwisha kumeza kihusishi chake na hakitaki kingine. Na wanapofasiri kuja kwetu, huandika "alichonga bakuli kwa ajili ya jirani yake" kila mahali, wakaisahau kauli ya kutendea waliyonyonya pamoja na maziwa. Si kosa, lakini ni kubeba begani mzigo ambao kitenzi kingaliubeba chenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefasiri tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969, alikabiliwa na mizigo ya namna hii katika kila ukurasa, kwa maana kufasiri si kuhamisha neno baada ya neno.

Nawashauri basi wanafunzi wangu hivi. Ukiisha kuandika sentensi ya Kiingereza, kiulize kitenzi: unamtaka nani, unataka wapi, na lipi laweza kungoja? Kisha litazame kila fungu la mwisho, uulize ni la kitenzi kipi. Likiwa na wenyewe wawili, lihamishe. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na yule mnunuzi aliyekaa kituoni hata jioni angalipenda sana ifanywe.