Nani anaulinda ukurasa wa Ntalikwa?

Makala ya Ntalikwa katika Wikipedia ya Kiswahili ni fupi: kata ya Manispaa ya Tabora, takwimu za sensa, na tangazo kwamba bado ni mbegu, yaani makala isiyokamilika. Kurasa za kata hujengwa na mikono mingi. Mmoja huanzisha, mwingine hubandika kigezo na jamii ya makala, wa tatu hurudi baada ya sensa ya 2022 kubadili idadi ya watu. Hakuna aliyewagawia kazi.

Mtu huanza kwa kusahihisha tahajia ya kijiji chake. Akinogewa, hufuatilia mabadiliko ya karibuni, hurejesha yaliyofutwa ovyo, huwakaribisha wageni. Ndipo wenzake wanapompendekeza kuwa mkabidhi, mwenye uwezo wa kufuta ukurasa, kuufunga au kumzuia mharibifu. Kazi hutangulia, cheo hufuata. Hata katika misafara ya Wanyamwezi iliyopita Unyanyembe, eneo la Tabora, mara nyingi kirangozi (kiongozi wa msafara) aliteuliwa na wapagazi wenzake kwa kuwa njia aliijua.

Google ilijaribu kufupisha safari hiyo ya mwandishi kwa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili la 2009 hadi 2010, lililowalenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala zilipatikana, lakini zawadi zilipokwisha wengi hawakurudi. Kasoro, kwa maoni yangu, ilikuwa kwenye kipimo: anayehesabiwa makala ataandika makala. Doria na kumpokea mgeni havikuwa na alama, na hapo ndipo mwandishi hugeuka mwenyeji. Ningekuwa mwamuzi, ningempa kompyuta aliyemfundisha mwenzake akabaki.

Jumuiya ikiwa ndogo, mtu mmoja huwa mwandishi, mlinzi na mwalimu wa warsha. Akibanwa na masomo, nafasi tatu zinabaki wazi. Wasimamizi wa miradi yote ya Wikimedia huweza kuingilia kati, nao hukamata matusi na kurasa zilizofutwa. Ila mtu akiihamishia Ntalikwa katika Wilaya ya Uyui, asiyeijua Tabora ataona hariri ya kawaida tu.

Kushuka cheo nako kuna utaratibu. Tangu 2013, katika miradi ya Wikimedia isiyo na kanuni yake yenyewe, mkabidhi asiyehariri wala kutumia mamlaka yake kwa miaka miwili hukumbushwa, kisha huvuliwa. Si adhabu. Akirudi, anaendelea kuhariri kama mwanzo, na jumuiya ikitaka, inamchagua tena.