Tembe la Kwihara: Nyumba ya Mgeni au Nyumba ya Wenyeji?

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, mawe kumi na mawili yanatolewa katika mto Yordani na kusimamishwa Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Makumbusho yoyote ni mawe ya namna hiyo. Hatuna budi kuyapima kwa jibu ambalo mtoto hupewa pale. Kwa kipimo hicho tunataka kuitazama nyumba moja ya kihistoria ya uwanda wa kati wa nchi yetu, yaani tembe la Kwihara, lililo kilomita chache kutoka mji wa Tabora, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Makumbusho ya Livingstone.

1. Nyumba yenyewe

Msomaji wa Dodoma hahitaji kufafanuliwa neno tembe. Ni nyumba ya Wagogo na ya majirani zao: kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa kwa udongo, na ua katikati. Nyumba ya Kwihara imefuata umbo hilo kwa kipimo kikubwa. Kuta zake ni nene na nyekundu kama ardhi inayoizunguka, na paa lake ni bapa. Lakini milango yake imechongwa nakshi kwa mtindo wa pwani. Paa la bara na mlango wa pwani vimekutana katika jengo moja, na kwa maoni yetu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote yaliyomo ndani. Kabla hatujasoma barua au ramani yoyote, kuta zimekwisha kutueleza kwamba hapa palikuwa mahali pa kukutana.

Waliokutana walikuja kwa njia ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa maji na kwa ruhusa ya kupita, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, kama njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo sita vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwa hiyo historia ya Kwihara ni historia ya Dodoma na Singida pia.

2. Jina la nyumba

David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika Unyanyembe kutoka Ujiji tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki akingoja watu na vifaa, akaondoka tarehe 25 Agosti mwaka uo huo. Alikaa hapo miezi sita na siku chache. Na kabla ya hapo, mwaka 1871, Stanley alikuwa amekaa Kwihara tangu Juni hadi Septemba, vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya kwenda Ujiji.

Nyumba ambayo mtu alikaa miezi sita imepewa jina lake. Mgeni amekuwa mwenye nyumba. Tembe lilikuwa makao ya wafanyabiashara Waarabu, katika nchi ya mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, na uchumi wake wote ulisimama juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliobeba mizigo kwa ujira. Pamoja nao walipita wale ambao hawakuwa huru, na ambao safari yao haikuwa na marejeo. Livingstone, ambaye mwezi Julai 1871 alishuhudia mauaji ya soko la Nyangwe na kuandika kwa uchungu juu ya biashara ya watumwa, alilala chini ya paa lililojengwa kwa faida ya biashara hiyo. Hatusemi hayo ili kumvunjia heshima. Yeye mwenyewe aliijua hali hiyo, nayo ilimsumbua. Lakini jina lililopo linaficha jambo ambalo mgeni mwenyewe hakulificha.

3. Waliorudi na mwili

Kwihara ina tukio jingine ambalo, kwa Mkristo, linapita hata miezi sita ya mwaka 1872. Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Wainwright alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Nasik nchini India. Kisha wakaukausha mwili, wakaufunga, na kuuchukua kuelekea pwani. Waliongozwa na Susi na Chuma, na miongoni mwao alikuwamo Halima, mpishi.

Mwezi Oktoba 1873 walifika tena Unyanyembe, wakakutana na Luteni Cameron wa Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele yao kulikuwa na watu ambao hawangeruhusu maiti ipite katika nchi yao, hata ikawalazimu kuificha kama mzigo wa kawaida. Mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi maziko ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko kwisha.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka mifupa ya Yusufu iliyochukuliwa kutoka Misri kwa sababu ya kiapo. Hapa hapakuwa na kiapo. Walikuwapo watu waliompinga afisa wa dola kubwa kwa ajili ya uaminifu wao wenyewe, na walimpinga huko Kwihara. Kama kuna sababu moja ya kuihifadhi nyumba hiyo hadi mwisho wa dunia, ni hiyo. Na Wainwright alirudi baadaye katika nchi hizi, akafariki Urambo mwaka 1892, katika kituo cha misheni, karibu na njia ile aliyoibeba maiti. Ni wanafunzi wangapi wa theolojia wanaolijua jina lake?

4. Pingamizi mbili

Mtu aweza kusema kwamba bila jina la Livingstone nyumba hiyo ingalianguka zamani, kama matembe mengi yalivyoanguka, na kwamba tunawajua Susi na Chuma kwa sababu Wazungu waliandika. Pingamizi hilo ni la haki, nasi tunalikubali. Ndiyo maana hatutaki jina la mgeni lifutwe. Tunataka lisimame mahali pake, miongoni mwa majina mengine.

Mwingine aweza kuonya kwamba tusiwabadilishe mashujaa tu, tukimtoa mmoja na kumweka Mirambo, au wapagazi, kana kwamba hawakuwa na dhambi. Onyo hili nalo ni jema. Mirambo aliuchoma moto mji wa Tabora mwezi Agosti 1871, na katika biashara ile wenyeji nao waliuza watu. Historia iliyosafishwa haimfundishi mtu toba, na makumbusho yasiyoweza kutufundisha toba yametunza kuta tu.

5. Neno kwa watumishi

Tumeandika juu ya Kwihara, lakini tunajua kwamba karibu kila sharika ya zamani ina tembe lake. Ni nyumba ya misheni yenye paa la bati na ukumbi mpana, inayoitwa kwa jina la mmisionari aliyekaa humo miaka michache. Aliyefyatua matofali ni nani? Nani alimfundisha lugha mmisionari huyo? Mwinjilisti aliyetembea kwa miguu kwenda vijiji ambavyo mwenye nyumba hakuvifikia, kaburi lake liko wapi? Mara nyingi wazee wanaojua majibu bado wako hai, lakini hatuwaulizi, na kila mwaka tunawazika wachache pamoja na majibu yao.

Tunashauri basi kwamba mwanafunzi atakayepangiwa mazoezi ya usharikani arudi chuoni na majina matatu ya watu waliobeba, yakiwa yameandikwa na kuthibitishwa kwa wazee. Na mchungaji atakayepita Tabora aende Kwihara, apitie ule mlango wa nakshi, asimame uani, awataje kwa sauti Susi, Chuma, Halima na Wainwright. Kama amefuatana na watoto wake, watamwuliza hao ni nani. Awe na jibu.