Laptopu Ndogo ya Safari na Namna ya Kuikagua

Kwenye meza za Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, laptopu ndogo hupangwa pamoja kana kwamba ni za ukoo mmoja. Sivyo. Ipo iliyofanywa ndogo ili bei ishuke, na ipo iliyofanywa ndogo kwa sababu kuna bosi aliyekuwa tayari kulipa zaidi ili asibebe mzigo. Anayenunua ya safari ajue kwanza anashika udogo gani: wa kubania au wa kulipiwa.

Udogo wa kubania ulianza na netibuku. Asus walitoa Eee PC 701 mwaka 2007, kioo inchi 7, hifadhi GB 4, uzito chini ya kilo moja. Mwaka uliofuata Intel wakaleta prosesa ya Atom, na kina Acer, HP na Samsung wakajitosa. iPad ilipokuja 2010 soko likaanza kuyumba, na haikupita miaka mingi viwanda vikaziacha. Ukiuziwa leo netibuku yenyewe, yenye kioo cha nukta 1024 kwa 600, mwachie mwenyewe. Fomu ya viza tu haitakaa vizuri kwenye kioo hicho.

Warithi wake ndio bado wanauzika: laptopu za inchi 11 zenye Celeron, RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Hiyo GB 64 ndiyo kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo masasisho machache tu yanaijaza, na kwa kuwa imechomelewa kwenye ubao, fundi hawezi kukuwekea kubwa zaidi. Hata hivyo zina sifa moja inayosahaulika: nyingi hazina feni. Kwa mtu anayezunguka vijijini kwenye barabara za vumbi hilo si jambo dogo, maana feni ndiyo inayovuta vumbi ndani. Tena ikiibiwa kwenye basi, hasara inavumilika. Kama kazi yako ni kuandika ripoti na kusoma barua pepe, usione aibu kuichukua.

Udogo wa kulipiwa uko kwenye laptopu za maofisi zilizokuja kama mtumba: ThinkPad za X, Latitude za 7000, EliteBook za 820 na 830. Zilizo ndogo ni za inchi 12 au 13, uzito kilo moja na kitu. Hapa angalia kizazi cha prosesa kabla hujapenda rangi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo ThinkPad X270, mashine ninayoipenda kwa betri yake ya nyuma inayochomolewa, imeachwa nje kwa kizazi kimoja au viwili tu. Latitude 7290 na EliteBook 830 G5 za kizazi cha 8 zimo.

Sasa ishike. Funga mfuniko, kisha ufungue taratibu ukisikiliza bawaba. Ikilia, au pembe ya kasha ikaachia kidogo pale bawaba ilipo, rudisha mezani. Kwenye safari mfuniko hufunguliwa na kufungwa kutwa, na bawaba iliyochoka huishia kukata waya wa kioo. Ishike kwa pembe moja ya mbele na uinyanyue. Nzuri haipindi. Igeuze utazame vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, imeshafunguliwa, basi uliza kilichobadilishwa.

Kibodi ndiyo inayotofautisha kabisa hizi mbili. Bonyeza katikati, penye G na H. Za bei rahisi hubonyea zote kama kopo. Za ofisi hutulia, na kila kitufe kinarudi na nguvu ileile. Kisha andika aya nzima ya Kiswahili, usiishie kugusagusa, maana A zetu ni nyingi na kitufe hicho huchoka mapema. Tazama pia kama kuna stika juu ya herufi. Kuna mashine zilizotoka Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana nafasi. Stika hubanduka, herufi ya Kijerumani ikabaki. Msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyezoea mpangilio wa Kifaransa anaweza kuutafuta kwa makusudi.

Kioo kikague nje ya duka, juani. Ndani ya duka kila kioo kinang'aa. Kiinamishe, ukitazame kutoka chini: rangi zikigeuka kama picha ya negativu, ni kioo cha TN, aina ya bei rahisi, na kwenye basi kitakusumbua kila kikiinama.

Betri usiiulizie kwa maneno. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotengenezwa. Ina namba mbili, ujazo wa kiwandani na ujazo wa leo. Ikiwa ya leo haifiki asilimia 70 ya ile ya kwanza, omba upunguziwe bei ya betri mpya. Ripoti nayo huweza kudanganya, hivyo chomoa chaja, weka video kwa mwanga wote, kaa dakika 20. Ikishuka asilimia 20 au zaidi, unanunua kompyuta ya mezani. Ipende inayochajiwa kwa USB-C, chaja moja ihudumie na simu. Ila tundu la USB la kwenye kiti cha basi ni la simu, halina nguvu ya laptopu.

Mwisho, kufuli. Izime, iwashe, ingia BIOS uhakikishe haiombi nywila. Na ukiuziwa Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google, iliyotoka shule, ifutwe mbele yako. Ikirudi kudai akaunti ya shule, haijaachiwa.

Kwa mwenye fedha ya mashine moja, hukumu yangu ni ya ofisi, inchi 12, kizazi cha 8, RAM GB 8, na akiba ya betri pembeni. Na usitoke dukani bila risiti yenye namba ya mashine. Ndiyo utakayoonyesha ukiulizwa mpakani.